Mtoto Akijiunga na Timu ya Kuogelea ya Mashindano: Mwongozo kwa Familia

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwezi wa Julai, Dar es Salaam. Kusi inavuma, bwawa halina paa, na binti yangu wa miaka tisa amejikunyata ukingoni ndani ya taulo, meno yanagongana. Kocha anapuliza filimbi. Taulo linaanguka, mtoto anachupa. Nikabaki nimeshika taulo lenye joto lake, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba nyumba nzima imejiunga na timu, si yeye peke yake.

Nimeandika haya kwa mzazi au mlezi ambaye mtoto wake amemwambia, "Nataka kuingia timu." Mifano yangu ni ya Dar kwa sababu ndiko tulikopitia, lakini aliyeko Mombasa, Nairobi, Arusha au Kampala atajikuta humu. Kanuni za majini ni zilezile: zinatoka kwa World Aquatics, shirikisho la dunia ambalo wengi tulilizoea kwa jina la FINA. Hapa Tanzania mchezo unasimamiwa na Chama cha Kuogelea Tanzania, TSA. Klabu ziko chini yake, na mtoto huingia mashindanoni kupitia klabu au shule.

Hatua ya kwanza: jua mtoto yuko wapi

Kujifunza kuogelea ni jambo moja, kuingia timu ni jingine. Timu haimfundishi mtoto asizame. Hilo aje nalo tayari. Kabla hujampigia kocha simu, mpeleke mtoto bwawani umtazame kwa utulivu. Je, anaweza kwenda mita 25, yaani urefu wa mabwawa mengi ya klabu zetu, bila kushika kamba wala ukuta? Uso wake uko ndani ya maji, au shingo imesimama kama kasa? Akilala chali anaenda, au anazama kuanzia kiunoni? Akiwa mahali ambapo miguu haifiki chini, anaweza kuelea dakika moja bila hofu?

Watoto waliokulia baharini, wa Unguja, Mafia au Kilwa, wanahitaji neno la pekee. Wana nguvu na hawaogopi maji, lakini wengi huogelea kichwa juu ili waone wimbi linalokuja. Tena maji ya chumvi yanakubeba, maji ya bwawa hayakubebi kiasi kile. Mtoto wa namna hii akifika bwawani miguu inashuka, na anachoka mapema kuliko alivyotarajia. Usimkatie tamaa. Akishajifunza kulaza kichwa na kutoa pumzi ndani ya maji, ule ujasiri wa baharini unamfaa sana.

Umri? Wengi huanza kati ya miaka saba na tisa. Aliyeanza na miaka kumi na mbili hajachelewa.

Hatua ya pili: nenda ukakae bwawani saa nzima

Mabwawa mazuri yapo mengi ndani ya shule za binafsi na hoteli, na klabu hukodi saa hapo. Omba ruhusa uje utazame mazoezi, kisha kaa kimya mwanzo hadi mwisho. Saa moja ya kutazama itakufundisha kuliko vipeperushi vyote.

Anza na maji. Simama ukingoni upande wa kina kirefu. Kama huoni vizuri mistari ya sakafuni na tundu la kutolea maji, ondoka. Mtoto akizama kwenye maji ya ukungu hakuna atakayemwona. Halafu nusa. Watu wengi hudhani harufu kali ya klorini ni dalili ya usafi, kumbe ni kinyume. Ile harufu inayochoma macho hutokea klorini inapokutana na jasho, mkojo na mafuta ya mwilini. Bwawa lililotunzwa vizuri halinuki sana. Ndiyo maana klabu makini inawalazimisha watoto kuoga kwanza, na wewe mfundishe wako hivyo.

Kisha tazama watu. Wako watoto wangapi kwa kocha mmoja? Kuna mwokoaji ambaye kazi yake ni kutazama maji tu, bila simu mkononi? Kocha anamsahihisha mtoto wa mwisho kwenye leni, yaani njia iliyotengwa kwa kamba, au sauti yake ni ya wale wawili walio mbele tu? Mtoto akikosea, anaambiwa nini?

Na tazama wanapoanzia. Majukwaa ya kuanzia, yale ambayo waogeleaji huyaita bloku, yanatakiwa kuwa upande ambao maji yana kina kisichopungua mita 1.35, na kina hicho kiendelee hadi angalau mita sita kutoka ukutani. Hiyo ni kanuni ya World Aquatics, na sababu yake ni shingo ya mtoto. Klabu ya kwanza tuliyoitembelea, ambayo siitaji, ilikuwa inawachupisha watoto wa miaka minane kutoka bloku kwenye maji yaliyowafika tumboni. Nilipouliza nikaambiwa wamezoea. Tulirudi nyumbani siku hiyohiyo.

Uliza pia habari za vyumba vya kubadilishia nguo: nani anaingia, nani anasimamia. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto asiye wake mahali palipofichika, awe kocha, dereva au mzazi mwenzako. Klabu nzuri haichukizwi na swali hili. Ina jibu tayari, mara nyingi limeandikwa, na ina mtu mmoja anayejulikana ambaye mtoto au mzazi anaweza kumwendea kama kuna jambo. Mazoezi ambayo wazazi hawaruhusiwi kabisa kuyatazama, mimi simpeleki mtoto.

Hatua ya tatu: jaribio

Usiliogope neno hili. Kwa watoto wadogo jaribio ni la kumpanga kwenye kundi linalomfaa, si la kumfukuza. Kocha atamwambia aende na kurudi, pengine kwa mitindo miwili: mtindo huru, ambao bwawani kila mtu anauita fristaili, na chali, yaani bakistroku. Chura na kipepeo, yaani brestistroku na bataflai, mara nyingi hufundishwa akishaingia.

Siku ya jaribio la binti yangu nilikuwa na hakika atapita, maana hotelini alikuwa anashinda majini kutwa. Alianza vizuri. Katikati ya bwawa mikono ikawa inapiga haraka haraka, kichwa kikainuka, akaidaka kamba ya leni. Nilitaka kunyanyuka. Kocha alichuchumaa ukingoni pale alipo mtoto, akamwambia taratibu, "Umebana pumzi tangu ulipoanza. Nipulizie mapovu ndani ya maji, kama unapuliza moto wa mkaa." Mtoto akatumbukiza uso, akapuliza. Mara ya pili akafika ukutani. Kocha aliyeona pumzi kabla ya kuona mikono, huyo nilijua nitamwachia mwanangu.

Mlishe mapema, angalau saa moja na nusu kabla ya jaribio, na kiwe chakula chepesi. Na usimpigie kelele za maelekezo kutoka kwenye kiti. Kuanzia siku hiyo maelekezo ya majini ni ya kocha.

Hatua ya nne: fomu, ada na ukweli kuhusu afya

Ada huwa za sehemu kadhaa, na wazazi wengi huona moja tu. Kuna ada ya mwezi au ya muhula, kuna usajili wa mwaka, kuna sare ya klabu, na kuna kiingilio cha kila shindano, ambacho mara nyingi huhesabiwa kwa idadi ya matukio, yaani mbio, mtoto anayoingia. Akianza kusafiri kuna nauli, malazi na chakula. Omba yote kwa maandishi kabla ya kulipa, na uulize mapema: mtoto akiugua mwezi mzima, fedha inakuwaje?

Sehemu ya afya usiijaze juu juu. Pumu haimzuii mtoto kuogelea, lakini dawa yake ya kuvuta inatakiwa iwe ukingoni mwa bwawa, si ndani ya gari. Mwenye kifafa anahitaji ushauri wa daktari, na mtu wa kumtazama yeye peke yake wakati wote yumo majini. Na kuna selimundu, ambayo kwetu si ugonjwa wa nadra. Maji ya baridi na mwili kukosa maji ya kutosha vinaweza kuamsha maumivu makali. Mtoto wa selimundu aende kwa daktari wake kwanza, na kocha aelezwe wazi kwamba mtoto huyu akisema anahisi baridi, anatoka majini papo hapo, anakaushwa, anavalishwa. Kuna wazazi wanaoficha kwa hofu mtoto atakataliwa. Nawaelewa, lakini kocha asiyejua hawezi kumlinda.

Kwa mtoto mwenye ualbino, uliza saa za mazoezi kabla ya kitu chochote. Bwawa lisilo na paa saa nane mchana halimfai. Alfajiri na jioni zinafaa, pamoja na losheni ya kuzuia jua na vazi la mikono mirefu mazoezini.

Hatua ya tano: vifaa, na nywele

Usinunue duka zima. Anayeanza anahitaji vazi la kuogelea linalobana, miwani miwili, kofia mbili, taulo, kandambili, chupa ya maji na mfuko unaopitisha hewa. Vibao vya kupigia miguu klabu nyingi wanavyo. Mapezi ya miguuni subiri kocha akuambie. Zile sahani za mikononi usimnunulie mtoto mdogo kabisa, zinalemea mabega ambayo bado yanakua.

Miwani ndiyo inayotoa machozi mengi. Ijaribu dukani bila kufunga mkanda: ibandike machoni, ikandamize kidogo, uachie. Ikishika kwa sekunde moja au mbili, inaendana na uso wake. Ikidondoka, hata ukikaza mkanda namna gani maji yataingia. Vazi la polista hustahimili klorini kuliko la kuvutika laini. Mitumba ya soko la Karume hutoa mavazi mazuri kwa bei ndogo, ila livute kwa mikono miwili kuelekea mwanga. Ukiona vinyuzi vyeupe vimesimama kama unywele, mpira wake umeshakufa, litalegea wiki ya pili. Baada ya kila zoezi suuza kwa maji baridi, usilianike juani.

Sasa nywele, maana nimeona wasichana wakiacha mchezo kwa sababu hii na hakuna aliyewauliza. Kofia nyembamba ya mpira huvuta na kupasuka. Tafuta ya silikoni, iliyo kubwa. Rasta ndefu hunywa maji na kuwa nzito, na hivyo msuko wa mabutu au twende kilioni uliolala kichwani unafaa zaidi msimu wa mashindano. Kabla ya kuvaa kofia, lowesha nywele kwa maji safi, upake mafuta kidogo ya nazi. Nywele iliyokwisha kunywa maji safi hainywi klorini nyingi. Siku za nyuma kofia za nywele nyingi hazikukubalika kwenye mashindano makubwa. Soul Cap, iliyotengenezwa kwa ajili ya nywele kama zetu, ilikataliwa mwaka 2021 kabla ya Olimpiki ya Tokyo, kisha ikaidhinishwa mwaka 2022. Mwambie binti yako habari hiyo, ajue kofia yake ina haki ya kuwa pale.

Familia za Kiislamu huuliza kuhusu vazi la kujisitiri. Mazoezini klabu nyingi hazina shida, mradi kitambaa ni cha kuogelea na hakivimbi kwa maji. Kwa shindano, mwulize kocha wiki kadhaa mapema awasiliane na waandaaji, msije mkakuta mjadala ukingoni mwa bwawa mtoto akiwa amesimama anasikiliza. Na kuhusu hedhi: binti awe na ruhusa ya kusema "leo siingii majini" bila kuulizwa zaidi, na pia ajue kwamba akitaka kuingia, vipo vitu vya kumsaidia. Mama, shangazi au dada azungumze naye kabla siku haijafika.

Hatua ya sita: wiki mpya ya nyumbani

Wanaoanza huwa na mazoezi mara mbili au tatu kwa wiki, saa moja hivi. Wakipanda kundi zinakuwa nne, tano, nyingine za alfajiri. Kwa Dar, hesabu foleni kwanza. Kama mnakaa Mbezi na bwawa liko Masaki, zoezi la saa moja linakula saa tatu za jioni. Tulipona kwa kushirikiana familia tatu, kila moja ikiwa na siku yake ya kubeba watoto wote.

Chakula chake kisikuumize kichwa. Kabla ya zoezi la jioni: ndizi, au kipande cha muhogo wa kuchemsha, au uji. Baada ya zoezi, ndani ya nusu saa, ale kitu cha wanga na protini kabla usingizi haujamchukua garini: chapati na yai, karanga na ndizi, maziwa ya mgando. Kisha mlo kamili nyumbani. Watu husahau kwamba muogeleaji anatoka jasho, kwa kuwa yuko majini halionekani. Chupa yake ya maji ikae mwisho wa leni.

Kwa mtoto anayefunga Ramadhani, kaeni na kocha kabla ya mwezi kuandama. Klabu kadhaa huhamisha mazoezi baada ya futari au hupunguza makali. Mwaka wa mtihani, wa darasa la saba au kidato cha nne, punguzeni siku badala ya kukatisha moja kwa moja. Kwa wa kwangu, siku mbili za maji kwa wiki zilimsaidia kulala, na aliyelala anasoma. Msimu wa masika, radi ikilia kila mtu anatoka majini, hata kama ni katikati ya seti. Usibishane na kocha kuhusu fedha ya siku hiyo.

Masikio: kausha kwa ncha ya taulo, ainamishe kichwa. Pamba za vijiti zisiingie ndani. Sikio likiuma ukilivuta kidogo, mpeleke kituo cha afya, asirudi majini hadi lipone. Bega likiuma zaidi ya siku chache, kocha aambiwe. Maumivu ya bega kwa muogeleaji anayekua hayazoeleki, yanatibiwa.

Hatua ya saba: gala ya kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna aliyenieleza mimi.

Mashindano yetu tunayaita gala. Mtoto hupangwa kwa jinsi na umri, na kila gala ina namna yake ya kuhesabu umri: nyingine hutazama siku ya kwanza ya mashindano, nyingine tarehe 31 Desemba ya mwaka huo. Ndiyo maana mtoto wa miaka kumi anaweza kuwekwa na wa kumi na moja, na hakuna aliyekosea. Kila mbio ina namba ya tukio, kila tukio limegawanywa hiti, yaani makundi ya wanaoogelea pamoja, na kila hiti ina leni. Leni za katikati hupewa wenye muda bora. Asiye na muda wowote anaandikwa NT, yaani "No Time", na kwa kawaida huwekwa hiti za mwanzo. Waandikie watoto wadogo mkononi kwa kalamu: tukio, hiti, leni. Mtoto wa miaka minane hakumbuki, na wewe hutakuwa naye pale nyuma ya bloku.

Fikeni mapema, kabla ya kupasha misuli. Bebeni mkeka, kivuli au mwavuli, mataulo mawili kwa mtoto mmoja, koti, chakula cha kutwa nzima. Mtoto ataogelea labda dakika tatu kwa jumla, na atangoja saa sita. Asikae na vazi lililolowa. Asishinde akikimbia juani na wenzake, maana mbio ya jioni itamkuta ameshaisha.

Mwamuzi atapiga filimbi fupi fupi, watoto wajiandae. Kisha moja ndefu, wapande bloku. Kwa mbio za chali, filimbi ndefu ya kwanza ni ya kuingia majini. Halafu inakuja sauti ya kuwataka wakae tayari, kimya, na king'ora. Anayeondoka kabla ya king'ora anatolewa, hakuna nafasi ya pili. Kaa kimya wakati huo. Ukimwita jina lake mtoto akageuka, au akateleza, umemwangusha wewe.

Kutolewa kwa kosa la kanuni kutamtokea. Naomba ulipokee hilo leo, kabla halijafika. Binti yangu aliingia mita 50 za chura kwenye gala yake ya kwanza. Alipochupa miwani ikashuka hadi mdomoni. Akaendelea nayo vile vile, amefumba jicho moja, akagusa ukuta kwa mkono mmoja akageuka, akamaliza wa tatu. Akatoka majini anacheka. Dakika tano baadaye jina lake halikuwemo kwenye matokeo. Kwenye chura na kipepeo mikono yote miwili inagusa ukuta kwa pamoja, kila kona, yaani kila anapogeuka, na mwisho. Alilia ndani ya kanga yangu hadi ikalowa begani. Nilitaka kwenda kwa mwamuzi. Kocha akanizuia kwa upole: "Mama, mwamuzi ameona sawa. Wiki ijayo tutagusa ukuta mara mia." Na kweli waligusa. Hajarudia kosa lile hadi leo.

Makosa mengine ya watoto ni haya: kugeuka tumbo chini kabla ya kugusa ukuta wakati wa kumaliza chali, kupiga miguu ya fristaili ndani ya chura, na kwa wakubwa kubaki chini ya maji kupita mita 15 baada ya kuanza au kugeuka. Bendera zinazoning'inia mita tano kabla ya ukuta ni za waogeleaji wa chali, wahesabu mikono kutoka hapo wasigonge kichwa. Kwenye mbio za mchanganyiko za mtu mmoja mpangilio ni kipepeo, chali, chura, kisha fristaili. Kwenye kupokezana kwa mchanganyiko wanaanza na chali, kwa sababu anayeanza ndani ya maji hawezi kumpokea mwenzake.

Utaombwa kupima muda. Kubali. Utapewa saa, utaketi mwisho wa leni na kulowa miguu. Kama kuna taa au moshi wa bastola ya kuanzishia mbio, bonyeza unapouona, usingoje sauti. Simamisha saa mara sehemu yoyote ya mwili wa mtoto inapogusa ukuta. Zikiwepo saa tatu kwa leni moja na zote zikatofautiana, unachukuliwa muda wa katikati. Ni kazi inayochosha, lakini utawaona watoto wa wengine kwa karibu, nyuso zao wanapotazama juu kukuuliza, "Ngapi?" Wape muda wao kwa sauti nzuri.

Hatua ya nane: baada ya gala, na miaka inayofuata

Garini, usianze wewe. Mpe chakula, mwache aseme. Akitaka kuzungumzia mbio, muulize alijisikiaje, usimuulize kwa nini fulani amempita. Nunua daftari dogo, mtoto aandike mwenyewe tarehe, tukio, muda na urefu wa bwawa. Urefu ni muhimu: mita 100 kwenye bwawa la mita 25 zina kona tatu za kujisukuma ukutani, kwenye la mita 50 kona ni moja tu, hivyo muda wa bwawa refu huwa mkubwa zaidi. Nimeona baba akimgombeza mwanawe aliyerudi kutoka bwawa la mita 50 "amepungua kasi", kumbe mtoto alikuwa ameogelea vizuri kuliko siku zote.

Kushinda na miaka kumi na moja kusikulevye, na kushindwa kusikuvunje. Watoto hubalehe kwa nyakati tofauti. Aliyerefuka mapema anawaacha wenzake misimu miwili, kisha wenzake wanamfikia, na hapo mtoto aliyezoeshwa medali huumia sana. Wapo watakaofika mbali. Jason Dunford wa Kenya aliweka rekodi ya Olimpiki kwenye mchujo wa mita 100 kipepeo huko Beijing mwaka 2008, na mwaka 2010 akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi kwenye mita 50. Collins Saliboko na Sophia Latiff waliiwakilisha Tanzania majini kwenye Olimpiki ya Paris 2024. Waonyeshe watoto majina haya. Kabla ya huko kuna ngazi za karibu: gala za klabu, mashindano ya taifa, na yale ya Kanda ya Tatu ya Afrika yanayokutanisha nchi za kwetu huku mashariki. Dawa za kuongeza nguvu na unga wa makopo, achana navyo. Hata dawa ya mafua, mtoto akishaingia ngazi ya taifa, mwulize daktari kwanza.

Mtoto akisema amechoka na anataka kuacha, msikilize mara ya kwanza. Jua kama ni uchovu wa wiki, ugomvi na mwenzake, maneno ya kocha, au mwili unaouma. Akisema tena kwa utulivu, siku ambayo hakushindwa, mkubalie amalizie muhula uliolipiwa kama hakuna kinachomuumiza, aage wenzake, amshukuru kocha. Mdogo wake binti yangu aliacha akiwa na miaka kumi na tatu. Kofia za klabu aliwagawia wadogo. Miwani yake bado inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila tukienda ufukweni Kigamboni huitungua mwenyewe bila kuambiwa.